Mutoto aliyegonga kichwa si muvivu

Kila juma, saa ya rekreasio, mu viwanja vya shule zetu za Lubumbashi, kuna mutoto anagonga kichwa. Mara ni wawili wanaruka pamoja juu ya mupira na vichwa vinapigana. Mara ni mudogo anasukumwa ku ngazi. Mara mwingine anateleza kwenye simenti yenye maji. Yenye kufuata tunaijua wote: wenzake wanakusanyika, mumoja anakimbia kuleta maji, wanamumwagia ku kichwa, mutoto anasimama, anajipanguza vumbi, na mutu mukubwa anasema: "Si kitu, ameisha kuamka. Rudia mu mustari." Dakika kumi kisha, mutoto yuko mbele ya tablo, ao amerudi mu mupira. Tunazani maneno imeisha.

Mara nyingi haijaisha. Siku mbili kisha, mwalimu anaona ule mutoto amelaza kichwa ku meza, hafuati, anaandika nusu ya mustari na kuacha. Ku nyumba mama anaona anakasirika bure, hataki kula, anaomba wafunge radio. Hapo njo tunaanza kumupa majina: muvivu, mukaidi, mwenye malaria, ao mwenye kulogwa. Hakuna mwenye kukumbuka ile rekreasio.

Neno ninalotaka kusema leo ni moja. Shule zetu zinapashwa kuwa na kanuni juu ya kichwa cha mutoto, na kanuni hiyo haiombi franga. Mutoto aliyegonga kichwa na kubadilika, hata kidogo, anatoka mu muchezo siku ile ile. Anapumzika siku moja ao mbili. Anarudi mu masomo pole pole. Na hakuna mutu wa kumupa zero kwa sababu ubongo wake ulikuwa ungali unapona.

Kitu gani kinafanyika mu kichwa

Waganga wanaita ugonjwa huu kwa Kifaransa commotion cérébrale. Sisi tuseme mutikisiko wa ubongo, sababu jina hilo linaonyesha vizuri namna inavyokuwa. Ubongo haukushikamana na mufupa wa kichwa. Umekaa ndani ya maji, na kichwa kikipigwa ao kikisimama gafula, unatikisika. Hata pigo la mu kifua ao mu mugongo linaweza kuutikisa, kama lilirusha kichwa kwa nguvu. Ku inje unaweza kukosa kuona kidonda. Lakini ndani kazi imevurugika: ubongo unahitaji nguvu nyingi ili kujitengeneza, na wakati ule ule nguvu hiyo haifiki ya kutosha. Ni kama nyumba yenye kupata kura hafifu. Taa inawaka, wageni wanaona kama yote ni muzuri. Weka pasi tu, na kila kitu kinazimika.

Wazazi na walimu wajue mambo matatu hapa.

La kwanza: si lazima mutoto azimie. Wengi sana wanaopata mutikisiko wa ubongo hawazimii hata dakika moja. Kwa hiyo ile neno "hakuzimia, basi hana kitu" si ya kweli.

La pili: dalili zinaweza kukawia. Mutoto anarudi nyumbani akicheka, na mangaribi njo kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwangaza unamuuma macho, kelele inamusumbua. Wengine wanakuwa wazito wa mawazo, wanasahau, wanalia bila sababu, wanalala sana ao hawalali.

La tatu: skaneri haionyeshi mutikisiko wa ubongo. Skaneri inatafuta damu yenye kuvuja ndani na mufupa uliopasuka, na kwa kazi hiyo ni ya lazima wakati muganga anaona hatari. Lakini familia nyingi zinatafuta franga kwa taabu, zinalipa, karatasi inatoka imeandikwa kama yote ni muzuri, na kutoka pale mutoto anaitwa muongo. Karatasi ile haikusema kama hana ugonjwa. Ilisema kama hakuna damu. Ni maneno mawili tofauti. Mutikisiko wa ubongo unajulikana kwa kumuuliza mutoto, kumupima, na kumuchunga siku zenye kufuata.

Mupira umetuonyesha

Sisi watu wa Lubumbashi, wa Mazembe na wa Lupopo, tunasikilizana vizuri tukiongea mupira. Basi tukumbuke tarehe 13 Julai 2014, kiwanja cha Maracanã, fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ujerumani na Argentina. Dakika ya 17, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa ku uso na bega la Ezequiel Garay. Waganga wakaingia, wakamuangalia, akarudi kucheza. Kisha alimukaribia arbitri, Nicola Rizzoli wa Italia, na kumuuliza kama ile ilikuwa fainali kweli. Arbitri njo alitoa habari kwa Wajerumani. Dakika ya 31 wakamutoa. Kramer mwenyewe alisema kisha kama hakumbuki sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza.

Tuwaze kidogo. Kijana huyu alikuwa na waganga wa timu yake pembeni, dunia nzima inamutazama ku televizio, na alikimbia karibu robo saa bila kujua yuko wapi. Na sisi tunataka mwalimu mumoja, mwenye firimbi na batoto makumi sita, atambue kwa macho tu kama mutoto "ameisha kupona"? Haiwezekani. Kwa sababu hiyo kanuni inapashwa kuwa nyepesi: kama kuna mashaka, mutoto anatoka, na siku ile harudi tena. Hakuna kumupima mbio, hakuna kumuuliza "unaweza?". Mutoto wa miaka kumi na ine, mbele ya wenzake, mbele ya wasichana wa klasi yake, atajibu siku zote: "Naweza."

Wakubwa wa mupira wenyewe wamebadilisha. Tangu tarehe 1 Julai 2024, kanuni za muchezo zinaruhusu mashindano kuwa na mubadala wa pekee kwa muchezaji anayezaniwa kupata mutikisiko wa ubongo, bila kuhesabu mubadala huyo kati ya wale wa kawaida. Wanaopanga mashindano ya kati ya shule wanaweza kuchukua kanuni hiyo kesho asubuhi. Hapo antrenere hatakuwa tena na sababu ya kusema: "Nilikuwa nimemaliza wabadala."

Hatari kubwa ni pigo la pili, wakati la kwanza halijapona. Mwaka wa 2006, mu jimbo la Washington kule Marekani, kijana wa miaka 13 anayeitwa Zackery Lystedt aligonga kichwa mu muchezo wa shule, akapumzika kidogo, akarudishwa mu kiwanja siku ile ile. Alianguka kisha mechi, ubongo ukivuja damu. Hakufa, lakini alikaa miezi mingi bila kuweza kusema, na maisha yake hayakurudi kama zamani. Mwaka wa 2009 jimbo lake liliweka sheria yenye jina lake: wazazi na wachezaji wafundishwe, mutoto mwenye kuzaniwa kuwa na mutikisiko atoke pale pale, na asirudi bila ruhusa ya muganga. Kufikia mwaka wa 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Kanada ilijifunza kwa kilio kikubwa zaidi. Mwezi wa Mei 2013, mu muji wa Ottawa, Rowan Stringer, musichana wa miaka 17, alikufa kisha kupigwa ku kichwa akicheza rugby ya shule. Siku chache mbele alikuwa amekwisha kugongwa, kichwa kilikuwa kinamuuma, na alikuwa ametafuta ku intaneti habari za mutikisiko wa ubongo. Wenzake alio waambia walikuwa watoto kama yeye. Mwaka wa 2018 jimbo la Ontario likapitisha sheria yenye jina lake. Kwangu hiyo ni fundisho lenye kuuma: mutoto alijua kuna kitu, lakini hakukuwa na njia ya neno lake kufika kwa mutu mukubwa mwenye kuweza kusema "leo huchezi".

Si mupira peke yake

Tusizani kama ni neno la wavulana wanaocheza. Hapa kwetu mutoto anagongwa kichwa mu njia nyingi. Kuna moto: watatu ao wane ku pikipiki moja, bila kofia, asubuhi mbio mbio sababu mulango wa shule utafungwa. Kuna muti wa maembe. Kuna mapigano ya vijana. Kuna musichana anayeteleza ku bomba na bidoni ya litre 20 juu ya kichwa. Huyu hakuanguka mu kiwanja, hakuna mwalimu aliyemuona, na asubuhi anafika mu klasi kama kila siku.

Na tuseme yenye kuwa ngumu kusema: kuna mukono wa mutu mukubwa. Kofi la ku sikio, ngumi ya ku utosi, kichwa cha mutoto kusukumwa ku tablo. Wengine wanaita hiyo kufundisha. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inasema kama nizamu, mu familia na mu shule, inapashwa kufanywa kwa kumuheshimu mutoto kama mutu. Hata kama usingeijua sheria, jua hii: kiungo kile unachotaka kijifunze kuhesabu njo kile unakipiga.

Majina matatu yenye kuficha ugonjwa

Jina la kwanza ni malaria. Kichwa kinauma, mutoto anatapika, anasinzia, hana hamu ya chakula: nani kwetu hatawaza malaria? Na malaria ni kweli, inaua, lazima ipimwe. Lakini kipimo kikionyesha kama hakuna malaria, mara nyingi tunatoa dawa vilevile, na hatuulizi tena kitu. Ninaomba wainfirmie wa vituo vyetu vya afya waongeze ulizo moja tu mbele ya kila mutoto mwenye kuumwa kichwa: "Uligonga kichwa mu siku hizi? Ulianguka? Kuna mutu alikupiga?" Na wamuulize mutoto mwenyewe, hapana mama peke yake, sababu mara nyingi mama hakuambiwa.

Jina la pili ni ulozi. Mutoto amebadilika, analia usiku, anakasirikia ndugu zake, haongei kama zamani. Katika muji huu tunajua watoto waliopelekwa mu maombi ya kufukuza pepo, wakanyimwa chakula, wakafungiwa, wengine wakatupwa ku barabara, kwa sababu tabia yao ilibadilika. Sisemi kama wote walikuwa wamegonga kichwa. Ninasema kama mbele ya kutafuta mulozi, tutafute kwanza siku mutoto alipoanguka. Kuomba si kubaya. Lakini mutoto mwenye ubongo uliotikisika anahitaji kula, kulala na kimya, na ngoma ya usiku kucha haimupi hata kimoja.

Jina la tatu ni uvivu, na hili njo linakaa zaidi mu shule. "Iko najifanya tu, aogopa interogasio." Kweli, kuna wanafunzi wanaojifanya. Kila mwalimu anawajua. Lakini muvivu wa kweli alikuwa muvivu hata mwezi uliopita. Ukiona mutoto aliyekuwa anafuata vizuri ameanguka gafula mu juma moja, usianze na fimbo. Anza na ulizo.

Klasi yetu ni kazi ngumu kwa ubongo uliochoka

Wengi wanawaza kama kukaa mu klasi ni kupumzika. Angalieni vizuri klasi zetu. Vitabu hakuna, ao ni kitabu kimoja cha mwalimu. Somo lote liko ku tablo na mutoto anapashwa kulinakili. Anainua macho, anashika maneno matatu, anainamisha macho, anaandika, anainua tena, mara mia mbili kwa saa moja. Kwa mutoto muzima hiyo ni kazi. Kwa mutoto mwenye mutikisiko wa ubongo, kuhamisha macho namna hiyo njo kunawasha kichwa. Ongeza mabati yanayochoma saa sita. Ongeza wenzake wanaojibu pamoja kwa sauti moja, hasa tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka wa 2019 na madarasa yakajaa kupita kipimo. Ongeza mwendo wa miguu mu jua, kwenda na kurudi.

Ule mutoto hakatai kusoma. Anajaribu, anashindwa, haelewi sababu gani anashindwa, na anaogopa. Kisha interogasio inafika, anapata mbili juu ya kumi, biletini inaharibika, baba anakasirika, na wengine wanaishia kurudia mwaka. Minervali ya mwaka muzima, sare, kaye, yote mara mbili, kwa ugonjwa ambao kwa watoto wengi unaisha ndani ya juma ine kama umechungwa vizuri.

Nini ifanyike

Saa ya kwanza: mutoto anatoka mu muchezo, anakaa pahali pa kivuli, na mutu mukubwa anabaki naye. Haachwi peke yake, hatumwi nyumbani kwa miguu peke yake, hapandi moto peke yake. Kama analalamika shingo, asiinuliwe bure bure. Apelekwe ku hopitali mara moja kama kuna moja kati ya hizi: alizimia, anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anashikwa na kifafa, anaona viwili viwili, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ingine, mukono ao muguu hauna nguvu, ulimi ni muzito, hajui yuko wapi ao anazidi kuchanganyikiwa, maji ao damu inatoka mu sikio ao mu pua, ao analala na hamuwezi kumuamsha.

Usiku wa kwanza: tulifundishwa na wakubwa wetu kumuzuia mutoto asilale. Usingizi si adui. Kama ameangaliwa na hana dalili ya hatari, alale, ni dawa yake. Muzazi amuchungulie, ahakikishe anaamka na kujibu. Kwa maumivu apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, hapana aspirini wala ibuprofeni siku za kwanza, sababu zinaweza kusaidia damu kuvuja. Na hakuna vidonge vya nguvu vya kununua ku barabara.

Siku moja ao mbili zenye kufuata: kupumzika nyumbani, lakini hapana kufungiwa mu chumba cha giza. Waganga waliwaza hivyo zamani, leo wameacha. Mutoto anaweza kutembea pole pole mu lupango, kuongea na watu, kusaidia kazi ndogo za kukaa. Telefone na televizio vipunguzwe sana. Bidoni ya maji juu ya kichwa, hapana. Hiyo niiseme mara mbili kwa ajili ya wasichana wetu: bidoni, hapana.

Kisha, masomo kwanza, muchezo nyuma. Aanze nyumbani na dakika kumi na tano ao makumi mbili za kusoma. Kichwa kikizidi kuuma, aache, ajaribu tena kisha. Anapoweza, arudi shule nusu ya siku. Akae mbele, mbali na dirisha lenye jua. Mwenzake mwenye mwandiko muzuri amunakilie somo, ao mwalimu amuazime kaye. Aruhusiwe kutoka inje dakika tano kichwa kikianza. Interogasio moja kwa siku, hapana tatu, na zile alizokosa zipangwe upya. Hatua kwa hatua arudie siku nzima.

Kurudi mu muchezo kunakuja mwisho, wakati amerudi kabisa mu masomo yote. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka wa 2022 juu ya neno hili wanataka kupanda ngazi sita, kutoka kutembea, kukimbia peke yake, mazoezi bila kugongana, mpaka mechi, na kila ngazi ichukue angalau siku moja. Mazoezi ya kugongana hayaanzi kama kungali dalili, wala bila ruhusa ya muganga. Pale ambapo muganga wa kumufuata mutoto ni mugumu kupatikana, tunaweza kufuata Uingereza: tangu 2023 kanuni yao kwa michezo ya kawaida ni kwamba hakuna kurudi mu mashindano mbele ya siku 21. Juma tatu. Ni hesabu ambayo kila antrenere wa kartie anaweza kushika.

"Hatuna franga, tuna batoto makumi munane"

Ninasikia majibu. "Bwana, hatuna chaki, walimu wengine hawajalipwa, mabati yanavuja, na wewe unakuja na mambo ya Wazungu." Ninaelewa. Lakini someni tena orodha ile. Kivuli, siku mbili, kiti cha mbele, kaye ya mwenzake, tarehe mupya ya interogasio. Kitu gani hapo kinanunuliwa? Shule masikini njo inahitaji kanuni hii zaidi, sababu haina infirmie na haina namna ya kurekebisha mwaka uliopotea.

Wengine wanasema: "Tukianza hivyo, klasi nzima itasema inaumwa kichwa." Haitakuwa hivyo kama kuna alama. Kila shule iwe na kaye moja, ikae kwa direkta wa disiplini. Ndani yake waandike siku, saa, namna mutoto aligonga, nani aliona, dalili gani. Karatasi ndogo iende kwa wazazi siku ile ile, mu kaye ya komunikasio. Mwenye kujifanya hatakuwa mu kaye ile. Na mwenye kuumwa kweli hatalazimishwa kujitetea mbele ya kila mwalimu, saa kwa saa.

Wengine wanataja egzame. Ni kweli, egzame ya Leta haimungoji mutu. Lakini zile za ndani ya shule ziko mu mikono yenu, wapendwa waprefe. Siku ya kuhesabu pointi, mutu mumoja tu akifungua kaye na kusema "huyu aligonga kichwa mwezi wa pili, alikosa juma mbili", kikao kinaweza kumuhukumu kwa kazi alizofanya akiwa muzima. Kwa wale wa mwaka wa mwisho, wazazi waambiwe mapema, masomo yapangwe, wasirudishwe mu muchezo kabisa mpaka egzame ipite.

Tusingoje sheria itoke Kinshasa. Ikitoka, tutafurahi. Lakini kominte ya wazazi ya kila shule, ile tunaita COPA, inaweza kuleta neno hili mu mukutano wa kwanza wa mwaka na kuliandika mu kanuni za ndani za shule, mustari mumoja chini ya ule wa sare na wa kuchelewa. Waprefe wachague mutu mumoja wa kushika kaye. Walimu wa michezo wafundishe wanafunzi wenyewe, sababu mara nyingi ni mwenzake wa benchi njo wa kwanza kuona kama rafiki yake amebadilika. Tuwaambie wazi: kusema kwa mwalimu kama mwenzako anaumwa kichwa si kumutoa siri. Ni kumusaidia.

Na wewe baba, wewe mama, leo mangaribi mutoto akirudi na vumbi ku nguo, mbele ya kumugombeza juu ya sare, muulize kwanza: "Uligonga kichwa?" Akisema ndiyo, muandikie mwalimu mistari miwili. Mutoto anaweza kukosa mechi moja na juma moja ya masomo, na akashika tena. Ubongo wake ni ule mumoja tu alionao, na atauhitaji mpaka uzee.